Noti 15 za Iron Man, na swali la nani anatembea

Ngoma kubwa inapigwa peke yake, polepole, kama mtu anayebisha hodi bila haraka ya kufunguliwa. Gitaa linaguna chini kabisa, noti inavutwa kisha inaachiwa. Sauti iliyokwaruzwa inataja jina lake: Iron Man, mtu wa chuma. Halafu wote wanaiangukia noti ya B kwa pamoja, na kidole cha mpiga gitaa la besi kiko kwenye uzi wa A, freti ya 2 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyovuka shingo ya gitaa).

Hapo hapo ndipo panaponikera, na ni wiki kadhaa sasa.

Si kwa sababu ya ugumu. Rifu, yaani kile kipande kifupi kinachojirudia, ya Iron Man ya bendi ya roki ya Black Sabbath ina noti 15 tu. Kinachokera ni kwamba besi inapiga kile kile kinachopigwa na gitaa, na mwimbaji naye anaimba karibu kile kile. Anayejifunza besi huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake ni kuweka msingi ili wengine wajenge juu yake. Hapa hakuna ghorofa. Watu watatu wamepanga foleni juu ya mstari mmoja, na bado wimbo huu wa mwaka 1970 una uzito ambao bendi nyingi zenye vyombo mara mbili hazijaufikia.

Basi uzito huo unatoka wapi? Na kama ile rifu ni hatua za yule mtu wa chuma, kama kila mtu anavyosema, mbona mwimbaji anazikanyaga hatua hizo hizo kwa maneno ya watu wengine?

## Noti zenyewe

Nyuzi ziko kawaida: E, A, D, G. Usilegeze chochote. Black Sabbath walianza kushusha nyuzi kwa nusutoni tatu, sawa na freti tatu, kwenye albamu iliyofuata, ya 1971. Anayejifunzia kwenye video za majukwaani za miaka ya baadaye atajikuta anapishana na rekodi na kudhani sikio lake lina kasoro.

Hesabu mapigo manne ya polepole. Pigo la kwanza B, la pili D. La tatu linagawanywa katikati: D, kisha E. La nne ni E tena, na hiyo iachie.

Mzunguko wa pili ndio wenye fujo. G na F# zinapokezana mara tatu, noti sita za haraka zinazokula pigo la kwanza na nusu ya la pili. Nusu iliyobaki ni D. Kisha unarudia mkia ule ule: D, E, E.

Kwenye uzi wa A hizo ni freti 2, 5, 5, 7, 7, halafu 10-9-10-9-10-9, 5, 5, 7, 7.

Sauti ni tano tu: B, D, E, F#, G. Ufunguo ni B maina, yaani B ndiyo nyumbani kwa wimbo, lakini angalia rifu inapoishia. Haiishii B. Inaishia E, katikati ya njia, na inarudi nyumbani kwa namna moja tu: kuanza upya.

Hilo nitalirudia.

## Sentimita 12

Kwenye besi ya kawaida yenye uzi wa inchi 34, safari ya kutoka freti ya 2 hadi ya 5 ni takriban sentimita 12. Kwa gitaa la kawaida huo ni mkunjo mdogo wa mkono. Kwa besi ni mkono mzima kuhama, kidole gumba pamoja nao, na wengi hukosea hapa: wanakiacha kidole gumba nyuma kimegandia shingo ya besi, vidole vingine vinajinyoosha, na ile D inafika ikiwa imechelewa na imekwaruza freti.

Kuna njia mbili za kuukwepa mruko huo. Ya kwanza ni kuipiga rifu yote kwenye uzi wa E: 7, 10, 10, 12, 12, 15-14-15-14-15-14, 10, 10, 12, 12. Sauti ni zile zile kabisa, na mruko wa kwanza unapungua hadi takriban sentimita 9. Uzi mnene huo, ukibanwa juu, unatoa sauti nzito yenye giza. Tatizo ni zile noti sita. Kwenye freti ya 14 na 15 ya uzi wa E, besi nyingi za bei nafuu zinanguruma tu, huwezi kutofautisha G na F#.

Ya pili ni kubaki sehemu moja: B kwenye uzi wa A freti ya 2, D kwenye uzi wa D ulio wazi, E freti ya 2, F# ya 4, G ya 5. Mkono hauhami hata kidogo.

Mimi siipendi, na sababu yake ndiyo iliyonifungulia mlango wa kwanza wa wimbo huu. Gitaa linateleza kutoka D hadi E, haliruki. Kidole kinauburuza uzi, na katikati ya freti ya 5 na ya 7 kuna sauti isiyo na jina, sauti ya kitu kinachovutwa. Ukiipiga D kwenye uzi ulio wazi huna cha kuburuza. Noti zote ziko sahihi na mtu wa chuma amekuwa mtu wa kawaida aliyevaa ndala.

Kwa hiyo uzi wa A, na uteleze. Bonyeza kiasi cha kutosha ili noti isife njiani, lakini usikaze. Ukikaza sana kidole kinanasa kwenye freti ya 6 na utaisikia kama ngazi badala ya mteremko.

## Zile noti sita

Kasi ya rekodi ni mapigo sabini na kitu kwa dakika, ikipanda na kushuka kidogo. Maana yake ile G na F# zinakwenda takriban noti tano kwa sekunde. Gitaa lenye mkwaruzo, ile sauti chafu ya umeme, linaweza kupiga mara moja na kuteleza zote sita, kwa sababu mkwaruzo unaishikilia sauti isififie. Besi safi haina msaada huo. Kufikia noti ya nne imebaki pumzi.

Kinachofanya kazi: piga kila G kwa mkono wa kulia, F# ije kwa kuteleza. Mkono wa kulia unapiga mara tatu, noti ni sita. Anza na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 50, na usipande mpaka mizunguko minne mfululizo itoke bila D inayofuata kuwahi. D hiyo huwahi karibu kila mara. Mkono ukishatoka kwenye kasi hauamini kwamba sasa unapaswa kusubiri.

Halafu kuna mlio wa ajabu utakaousikia kwenye kila E ndefu, kama kuna mtu wa pili anapiga nyuma yako. Si amplifaya. E ya freti ya 7 kwenye uzi wa A iko oktava moja juu ya uzi wa E ulio wazi, na uzi huo usioguswa unaitikia wenyewe. Laza kidole gumba cha mkono wa kulia juu yake. Mlio unakatika hapo hapo.

## Uzito si sauti kubwa

Jambo la kwanza ambalo watu hufanya wakitaka besi iwe nzito ni kuongeza sauti za chini. B hiyo iko kwenye takriban hezi 62, yaani mitikisiko 62 kwa sekunde. Spika ya simu haiitoi kabisa. Unachosikia kwenye simu ni vivuli vyake, 124 na 185 na kuendelea, na sikio linakisia kilicho chini. Ndiyo maana kujifunza wimbo huu kupitia spika ya simu kunapotosha: besi na gitaa vinakuwa kitu kimoja na mtu anafikiri hakuna besi. Vaa vidude vya masikioni, punguza kasi hadi asilimia 75, na utaanza kuona nyama iliyo chini ya mfupa.

Kwenye amplifaya, ongeza katikati, kati ya hezi 400 na 800, na upunguze chini kidogo. Inaonekana kinyume, lakini sauti za chini zikizidi zinaungana kuwa ukungu na hatua hazisikiki tena. Ukungu hauna miguu.

Uzito unakaa kwenye urefu wa noti. B ya kwanza ishikilie hadi mwisho kabisa wa pigo lake, usiiachie mapema kwa hofu ya ule mruko wa sentimita 12. Ukiiachia, kunakuwa na tundu dogo kabla ya D, na mtu wa chuma anaruka kamba. Ukiishikilia hadi dakika ya mwisho na bado ukafika kwa wakati, anatembea.

## Nani anaimba?

Maneno mengi ya Black Sabbath yaliandikwa na mpiga besi wao, Geezer Butler, na haya ni yake. Hadithi aliyoieleza yeye ni hii: mtu anasafiri kwenda wakati ujao, anaona dunia ikiangamia, anarudi kuwaonya watu, na njiani anapita kwenye uga wa sumaku unaomgeuza chuma. Anafika hawezi kusema. Watu wanampuuza na kumcheka. Kwa hasira anaileta mwenyewe ile maangamizi aliyokuja kuizuia. Hana uhusiano na yule shujaa wa katuni za Marekani aliyeanza 1963, tajiri anayevaa suti na kuivua. Huyu havui.

Jina lilianza na mwimbaji, Ozzy Osbourne, ambaye alipoisikia rifu alisema inafanana na jitu kubwa la chuma likitembea. Tangu hapo maelezo yamekuwa hayo: rifu ni nyayo.

Nami niliridhika nayo, mpaka mikono ilipozoea na masikio yakapata nafasi ya kusikiliza maneno.

Beti mbili za mwanzo si za mtu wa chuma. Ni maswali kumhusu. Amepoteza akili? Anaona au ni kipofu? Akijaribu kutembea hataanguka? Yu hai au amekufa? Na mwisho wa ubeti wa pili wasemaji wanajitaja wenyewe: ni "sisi". Sisi tutampita tu, ya nini kuhangaika naye.

Kwa hiyo anayeimba ni umati. Mtu mwenyewe alizungumza mara moja tu, sentensi moja kabla ya rifu kuanza, kwa sauti iliyoharibika, na hakusema zaidi ya jina lake.

Na umati huo unayaimba maswali yake juu ya noti za nyayo zake. Unauliza kama anaweza kutembea huku wenyewe ukitembea mwendo wake, B, D, D-E, E, hatua kwa hatua. Besi iko chini yao inakubaliana na kila mtu.

Hapo ndipo ule umoja wa sauti tatu ulipoacha kuonekana uvivu wa utunzi. Vyombo vingegawana kazi, besi huku na sauti kule, tungekuwa na umati upande mmoja na jitu upande mwingine. Wakipiga mstari mmoja huwezi kuwatenganisha. Ukiwa mpiga besi huwezi hata kuchagua upande.

## Chuma ndani ya sumaku

Kidogo nje ya njia, lakini siwezi kuiacha.

Besi ya umeme ni uzi wa chuma unaotikisika ndani ya uga wa sumaku. Ndivyo pikapu inavyofanya kazi: sumaku, waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu, na chuma kinachocheza juu yake kikizalisha umeme mdogo. Ukiipandisha pikapu karibu sana na nyuzi, sumaku inaushika uzi. Noti inakufa mapema na sauti inayumba kama imelewa, hasa kwenye uzi mnene ukibanwa freti za juu. Dawa ni bisibisi: ishushe pikapu hadi milimita mbili au tatu chini ya uzi uliobanwa freti ya mwisho.

Chuma kilichopita karibu mno na sumaku kikapoteza sauti. Sidhani Butler aliyawaza hayo. Ila ukishaliona, kila ukishika bisibisi linakurudia.

Na kuna chuma kingine nyuma ya wimbo huu. Mpiga gitaa Tony Iommi, akiwa na miaka 17, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha bati huko Birmingham, vidole vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo ni mkono ule ule unaobana freti. Alijitengenezea ncha za bandia kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akazifunika kwa ngozi. Rifu hii ya mtu aliyegeuzwa na chuma ilibanwa kwa vidole hivyo.

## Gitaa linapoondoka

Katikati ya wimbo kasi inabadilika ghafla, karibu mara mbili, na gitaa linaingia kwenye solo. Bendi ilikuwa na gitaa moja tu. Likiondoka, linaacha shimo.

Butler alikuwa mpiga gitaa kabla ya kushika besi, na hapa panaonekana. Hakai chini kusubiri. Anaanza kuzungumza: noti za kuunganisha, kupanda, kushuka, kuvuta uzi kama mpiga gitaa. Kwa anayejifunza, hapa ndipo usinakili noti kwa noti mwanzoni. Shika kwanza noti kuu ya kila zamu na uhakikishe inaangukia pamoja na ngoma ya mguu, halafu ongeza kiungo kimoja kimoja. Kosa la kawaida ni kuanza na madoido, mdundo unakimbia, na ukirudi kwenye rifu ya polepole unaipiga kwa kasi ya mtu anayefukuzwa.

Mabadiliko hayo yafanyie mazoezi peke yake. Mizunguko miwili ya haraka, miwili ya polepole, metronomu ikiwa kwenye kasi moja, ile ya polepole, muda wote.

Kilichonishtua ni hiki: besi inapata sauti yake pale tu maneno yanapokoma. Umati ukinyamaza ndipo chini panapochemka.

## Aliwaokoa lini?

Kuna methali inayojileta yenyewe hapa: sikio la kufa halisikii dawa. Kwa muda niliamini wimbo wote umo humo. Watu walionywa, hawakusikia, wakafa.

Lakini methali hiyo inalilaumu sikio. Mtu huyu hakusema neno. Dawa ilifika mdomo ukiwa umefungwa, na sikio haliwezi kushtakiwa kwa kutosikia kisichosemwa. Kosa lao lilikuwa jingine. Walimwona amesimama, wakauliza maswali yote isipokuwa lile la kumuuliza yeye.

Na sikiliza vizuri: yale maono ya dunia kuangamia hayamo kwenye maneno ya wimbo. Tunayajua kwa sababu mwandishi ameyaeleza. Wimbo wenyewe unasema tu kwamba alisafiri kwa ajili ya kesho ya wanadamu, na baadaye kwamba anawaua watu aliowahi kuwaokoa.

Aliwaokoa lini? Kama ndiye aliyeyaleta maangamizi aliyoyaona, hajamwokoa yeyote. Kama aliwaokoa kweli, basi duara halijafunga, na kisasi chake ni cha shukrani iliyokosekana, si cha onyo lililopuuzwa. Hadithi hizo mbili hazikai pamoja. Nimejaribu kuzipatanisha na nimeshindwa, na sasa nadhani wimbo una nguvu zaidi zikiachwa zigombane.

Ila rifu imechagua upande. Inaanzia B, inapanda, inahangaika pale juu kati ya G na F# kama mtu anayetafuta neno, inashuka, inakwama E. Haifungi. Ili uifunge lazima uianze tena. Mtu aliyerudi kutoka wakati ujao na kuuanzisha ule ule alioukimbia angetembea hivyo.

Kwenye ubeti wa mwisho "sisi" haipo tena. Kuna wahanga tu, wanakimbia, na buti nzito za madini ya risasi zinakuja nyuma yao. Swali la ubeti wa kwanza, kama akitembea ataanguka, limejibiwa, na waliouliza hawapo kulisikia jibu. Noti zilizo chini yao hazijabadilika hata moja.

## E ya mwisho

Limebaki jambo dogo la mikono. Ile E inayomaliza kila mzunguko: uiache ilie hadi B ijayo, au uikate?

Ukiiacha, B inaangukia juu ya mkia wa E na hatua zinaungana, mwendo wa jitu lisilosimama. Ukiikata, legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi ili usisikike mlio wa uzi wazi, na kunakuwa na kimya kifupi sana kabla ya mguu mwingine kutua.

Kwenye beti za maswali naikata. Kwenye ule wa buti naiacha.